Kipanga wa darasa hataki kupiga pindi kwa wenzake mpaka kuwe na zawadi. Kosa liko wapi?

#1 Chaki_Vumbi
Wadau, salaam.
Kijana yuko kidato cha tatu, bweni. Tangu aanze kidato cha kwanza hajashika namba mbili. Walimu wa taaluma wakamwomba awapigie pindi, yaani awafundishe Hisabati, vijana sita wa kidato cha pili, maana upimaji wa kitaifa uko mlangoni na hao sita hawavuki 20. Swali lake la kwanza: "Nikimaliza nao napata nini?" Akaahidiwa cheti. Akaenda mara mbili, ya tatu hakutokea. Kasema wale hawafundishiki na wanamlia muda wa msuli, yaani wa kujisomea.
Hoja yangu ni kwamba shule zetu zinamfundisha mtoto kushinda, kufaa wengine hazimfundishi. Wenye kuendesha haya mambo, semeni inafanywaje mpaka mtoto wa aina hii aone maana yake. Mahubiri tunayo ya kutosha. Nawasilisha.

#2 Kiti_cha_Nyuma
Nimeweka kiti. Wajuvi waje, sisi vilaza tunasubiri pindi.

#3 Mzee_wa_Taaluma
Mtoto hana kosa, kosa ni la cheti.
Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett kule Marekani walichukua watoto wa chekechea ambao tayari walikuwa wanapenda kuchora. Kundi la kwanza likaahidiwa cheti chenye utepe likichora. La pili likachora tu, mwisho likashtukizwa na cheti hichohicho. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena mezani, kila mtoto achague mchezo autakao. Walioahidiwa cheti walichora nusu hivi ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua.
Ukitaja malipo kabla ya kazi, kazi inageuka kibarua, na kibarua hupimwa kwa ujira. Kijana kapiga hesabu kaona ujira mdogo. Kwa akili yake hiyo mlitegemea nini?
Na hakuanza jana. NECTA, Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza kumi bora Januari 2023, ila shule zinajitangazia zenyewe, sura za watoto ziko kwenye mabango barabarani na alama zao chini. Huyo amekua akisoma mabango.
Dawa: usiahidi kitu. Muhula ukiisha mshukuru mbele ya hao sita, si mbele ya shule nzima.

#4 Logi_Kumi
Mzee #3 nakubali nusu. Cheti kimeharibu, sawa, lakini aliyemkimbiza ni kitu kingine. Kijana ameshindwa, na kwa kuwa hajawahi kushindwa hajui hata kuliita jina lake, ndiyo maana anasema "hawafundishiki".

Kujua Hisabati na kumfundisha asiyejua ni kazi mbili tofauti. Chukua kosa moja la kila siku. Mtoto anaandika:

1/2 + 1/3 = 2/5

Kipanga atacheka, au atanyakua chaki aandike 5/6 na kusema "tafuta KDS" (kigawe kidogo cha shirika). Akicheka, mtoto yule hatafungua tena mdomo muhula mzima. Akiandika 5/6, mtoto atanakili, na kesho 1/4 + 1/3 itakuwa 2/7.

Anayejua kufundisha anauliza neno moja: "Umepataje?" Mtoto ataeleza kuwa kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Usifute. Muulize 2/5 ya shilingi 1,000 ni ngapi. 400. Nusu yake je? 500. "Sasa ulianza na 500, ukaongezewa, ukabaki na 400?" Hapo utaona uso unabadilika. Ndipo mpe karatasi aikunje katikati, kisha aikunje sehemu tatu sawa kwa upande wa pili, aifungue. Vyumba sita. Nusu ni vyumba vitatu, theluthi viwili. Jibu anaweza kuligusa kwa kidole.

Hilo ni swali moja na limekula dakika saba. Kipanga anayemaliza maswali kumi kwa dakika hizohizo ataona kapotezewa muda.

Kwa hiyo kabla hajarudi, mwalimu akae naye vipindi viwili vya dakika 40. Cha kwanza amtazame mwalimu akilifuatilia kosa kama hilo. Cha pili kijana ndiye afundishe na mwalimu ajifanye haelewi, tena ajifanye kwelikweli. Masharti matatu tu: chaki anashika mwanafunzi, akishauliza swali ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi ndipo aongee, neno "ni rahisi" ni marufuku.

#5 Kiti_cha_Nyuma
Hilo neno "ni rahisi" lingefungwa jela kabisa. Linatoka kabla ya swali, mtu akikosa anajua mara moja amewekwa kundi gani.

#6 Dada_wa_Maktaba
Mmesahau hofu. Anaogopa kupitwa. NECTA wanapanga madaraja kwa kulinganisha watahiniwa, wakifaulu wengi A inapanda juu. Kumfundisha mwenzako ni kujichimbia.

#7 Mzee_wa_Taaluma
#6 hapana, na hili linasambaa sana mabwenini. Mipaka ya kidato cha nne inajulikana: A 75 hadi 100, B 65 hadi 74, C 45 hadi 64, D 30 hadi 44, chini ya hapo F. Zinahesabiwa alama za masomo saba bora, A ni pointi 1, ndiyo unapata wani ya 7, yaani daraja la kwanza la pointi 7. Darasa zima likipata A, ya kwake haipungui hata unywele. Libandikwe kwenye mlango wa bwalo.

#8 Dada_wa_Maktaba
Asante kwa marekebisho, nimekubali kwenye A. Lakini hofu iko mbele zaidi, kwenye nafasi. Udaktari vyuoni una idadi. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali wa masomo ya chuo, ni ya waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye sayansi, nayo ina idadi. Huko alama ya jirani inakuhusu, na vijana wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi.

#9 Logi_Kumi
#8 hoja nzuri, ila wale sita ni wa kidato cha pili. Hawashindani naye popote. Hofu yako inaeleza kwa nini hafundishi wa darasa lake. Hawa haiwahusu.

#10 Jembe_na_Kalamu
Mnazunguka. Angalieni neno "kazi" linavyotumika shuleni. Aliyechelewa anafyeka. Aliyeongea Kiswahili anachota maji. Aliyefeli anang'oa kisiki. Na namba moja? "Mwacheni asome." Miaka minne mtoto anafundishwa kuwa kuwafanyia watu kazi ni adhabu ya walioshindwa, na mshindi husamehewa. Halafu siku moja mnamwita mshindi mnamwambia njoo uhudumie. Lazima aulize kakosa nini!
Mwalimu Nyerere alililia hili kwenye Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kwamba elimu ya kikoloni ilijenga ubinafsi wa kushindana. Mwaka huohuo ndipo JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ilipoanzishwa na wasomi wakagoma.

#11 Kumbukumbu_Kuu
#10 maana umeipata, miaka umeichanganya. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Wasomi kulazimishwa kwenda kulikuja 1966: miaka miwili, ambayo miezi mitano ni kambini na iliyobaki ni kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine wakaandamana Dar es Salaam wakipinga, Nyerere akawarudisha makwao, karibu 400. Akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya viongozi wengine nayo ikaguswa. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vikafuata miezi michache baadaye, mapema 1967. Azimio la Musoma la 1974 likaongeza kwamba chuo kikuu utaingia baada ya kufanya kazi kwanza na kupata maoni ya waliofanya kazi nawe. Likaja kulegezwa. JKT ya mujibu wa sheria ikasimamishwa 1994, ikarudi 2013.
Kwa hiyo mgogoro wa kipanga na jamii una umri wa miaka 60. Tusimwonee huyu kijana.

#12 Jembe_na_Kalamu
Nimesahihishwa, shukrani. Adhabu yangu nifyeke wapi?

#13 Mtaa_wa_Nyuma
Habari kutoka Kenya. Huku mtaala mpya umeweka huduma kwa jamii kuwa somo la lazima sekondari ya juu. Kabla yake kulikuwa na President's Award, mpango wa tuzo za vijana, upo tangu 1966. Kuna shaba, fedha na dhahabu. Mwanafunzi ana sehemu nne: huduma, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari ya porini; dhahabu inaongeza kuishi na kufanya kazi na watu asiowajua. Shaba inaanzia miaka 14. Anatoa kama saa moja kwa wiki kwa angalau miezi mitatu, na sehemu moja kati ya zile tatu za mwanzo anaiongezea miezi mitatu mingine.
Ukitaka kipanga ajifunze, hiyo ya kukaa na watu asiowajua inafanya kazi kuliko mahubiri ya mwaka mzima.

#14 Kiti_cha_Nyuma
Shaba, fedha, dhahabu! Mashindano mmeyafukuza mlangoni, yamerudi dirishani na medali shingoni.

#15 Mtaa_wa_Nyuma
Haha, la. Hakuna namba moja. Kila anayekamilisha anapewa, hata wakiwa shule nzima. Unashindana na ulipoanzia.

#16 Dada_wa_Maktaba
Tatizo la mifumo yote ya saa ni lilelile: mtoto anakusanya saa badala ya kuhudumia. Shule za mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate) zilikuwa na sharti la saa 150 za sanaa, mazoezi na huduma. Sasa wanadai miezi 18 ya kushiriki mfululizo, na ushahidi wa alichojifunza kwenye malengo saba. Ukidai saa utaletewa saa. Karatasi inasainiwa na mjomba, yatima wanapigwa picha na kilo mbili za sukari, Jumatatu maisha yanaendelea.
Picha ndiyo sumu kubwa. Ningekuwa na mamlaka simu zingebaki langoni.

#17 Fundi_Ratiba
Tumwache Nyerere apumzike, mleta uzi kaomba namna. Nashuka nayo.

Kwanza lengo. Pepa ya Hisabati ya upimaji wa kidato cha pili, kwa mtindo wa miaka ya karibuni, ina maswali 10 na kila moja alama 10. D inaanzia 30. Kwa hiyo hao sita hawahitaji Hisabati yote. Wanahitaji maswali matatu kamili au nusu za maswali sita. Kipanga hawezi kuliona hili kwa sababu yeye anawinda 100, anataka waanze kwenye maswali magumu "yenye akili". Mpe kazi ya kuchagua mada sita ambazo mtu wa alama 15 anaweza kuzimudu na atetee uchaguzi wake mbele ya mwalimu. Sehemu, vipeo, seti, uwiano, Pythagoras, takwimu za mwanzo. Hiyo peke yake ni mtihani mgumu kwake kuliko wowote aliowahi kufanya.

Kisha kipimo cha kuanzia: maswali mafupi 20, dakika 40, hakuna kupanga namba, karatasi wanaziona yeye na mwalimu tu. Anachosahihisha ni aina ya kosa. Tiki na mkasi viachwe. Anafungua daftari moja la kurasa 80 na kuandika safu tatu: tarehe, kosa, nani. "Juma anajumlisha sehemu juu kwa juu." "Asha anasoma kipeo kama mara." Kosa likipotea kwa wiki mbili mfululizo analipiga mstari.

Vikao ni Jumanne na Alhamisi, dakika 40 kabla ya prepo, wiki nane. Jumla vikao 16, saa 10 na dakika 40, hakuna wa kudai kaibiwa muda wa msuli. Dakika tano za mwanzo, swali la kikao kilichopita bila kufungua daftari. Kumi, mmoja wa watoto anafanya ubaoni na wenzake wanamsahihisha. Ishirini, kila mtu na zoezi lake na kipanga anazunguka. Tano za mwisho kila mtoto anaandika sentensi moja ya alichokwamia. Zile karatasi ndizo maandalizi ya kikao kijacho.

Wapi panaharibika. Sita ni wengi kwa anayeanza, watatu au wanne wanatosha. Ukimpa 15 atahutubia. Wanaokuja kwa hiari huwa wale wa alama 40. Wa alama 8 wanajificha chooni, na wa 40 wanamfurahisha kipanga kwa sababu wanaelewa haraka. Mwalimu ndiye apange majina. Ukiona watoto wanamfulia nguo au wanamchotea maji ya kuoga, simamisha siku hiyohiyo, pindi limeshageuka utawala. Kikao kifanyike darasa lenye taa na mlango wazi, mwalimu wa zamu apite, hasa kundi likiwa na wasichana na wavulana. La mwisho, mwalimu wa somo asije akamwachia kipindi chake. Hapo kijana ni mwalimu wa bure na shule inaokoa mshahara.

#18 Mzee_wa_Taaluma
#17 kongole. Naongeza moja: kwenye ripoti ya kijana isiandikwe chochote kuhusu haya. Daftari la makosa linatosha.

#19 Ada_Imelipwa
Na mzazi je? Mtu kalipa ada ya bweni mtoto asome. Leo anasikia mtoto anafundisha bure. Wazazi wengi watakuja juu, na wana haki.

#20 Logi_Kumi
Mzazi aambiwe ukweli: anayefundisha anapanga upya alichokijua, anagundua mashimo yake. Kipanga anayeweza kueleza kwa nini a⁰ = 1 yuko juu ya anayeikariri. Alama zake hazitashuka.

#21 Jembe_na_Kalamu
#20 umejifunga goli. Uzi wote tunapinga "napata nini", sasa unamwambia mzazi "mwanao atapata alama". Umemrudishia kijana rula ileile.

#22 Logi_Kumi
Nimeongea na mzazi, sijaongea na kijana.

#23 Jembe_na_Kalamu
Kwani wanaishi nyumba tofauti?

#24 Dada_wa_Maktaba
Kuna njia ya kati. Mwaka 1971 Elliot Aronson, kule Austin, Texas, alikuta madarasa yamechanganywa weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na kila mtoto anamwombea mwenzake akosee. Akavunja somo vipande. Kundi la watano au sita, kila mmoja ana kipande chake kimoja, hakuna mwenye kitabu kizima. Wenye kipande kimoja kutoka makundi yote wanakutana kwanza kukichambua, kisha kila mtu anarudi kwao kufundisha. Kipanga akimdharau asiyejieleza vizuri, anakosa kipande hicho kwenye jaribio. Anajifunza kuuliza maswali ya upole kwa lazima.
Kwa Historia au Jiografia inakwenda vizuri. Kwa Hisabati ni ngumu, kipande cha tatu hakieleweki bila cha pili. Na ukiwa na mtoro mmoja kundi linabaki na tundu, kwa hiyo kipande kimoja wape wawili.

#25 Shamba_Darasa
Nyote mmeng'ang'ania afundishe. Kwa nini? Mkimweka ubaoni bado yuko juu na wengine chini. Mtoeni huko, mpelekeni sehemu ambayo yeye ni wa mwisho.

Kitalu cha miche cha shule kinafaa sana. Kiongozi awe yule wa namba 48 ambaye nyumbani kwao wanalima. Udongo wa juu ndoo tatu, samadi iliyooza ndoo mbili, mchanga ndoo moja. Viriba vijazwe mpaka karibu na mdomo na vigongwe chini udongo ukae. Kipanga mwenye A ya Baiolojia atakueleza upotevu wa maji kwenye majani mpaka uchoke, halafu atahamisha miche saa sita mchana na kuing'oa kwa kushika shina. Jioni yote imelala. Wa namba 48 atamwonyesha: mwagilia kwanza, subiri jioni, shika jani usishike shina, weka kivuli, na wiki mbili kabla ya kupeleka shambani punguza kivuli na maji kidogo kidogo miche ikomae. Miche 200 ikigawiwa kwa kaya zinazozunguka shule, hakuna anayeuliza nani alishika namba ngapi.

#26 Kiti_cha_Nyuma
Hatimaye kuna uzi ambao wa namba 48 ni bosi. Mods mpandishe huu juu.

#27 Ada_Imelipwa
#25 sawa, ila wale sita bado wana 20 kwenye Hisabati. Miche haitawafanyia upimaji.

#28 Mtaa_wa_Nyuma
Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umri 18 hadi 65, wote wanatoka, msomi na asiyesoma. Nadhani inasaidia kwamba mtoto anamwona baba na mwalimu wake wameshika jembe.

#29 Kumbukumbu_Kuu
Hapa kwetu pia kuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Swali ni walimu wangapi wanashika fagio na wangapi wanashika daftari la mahudhurio. Watoto wanaona.

#30 Chaki_Vumbi
Asanteni, nimesoma yote. Naona maelezo matano: cheti, kukosa mbinu, hofu ya nafasi, kazi kama adhabu, na kwamba kumbe hata ubaoni si mahali pake. Kwa sasa nimebeba daftari la #17 na masharti ya #4. Swali lililobaki: arudishweje? Aombe radhi kwa wale sita kwanza?

#31 Logi_Kumi
Radhi hapana, itakuwa tamthilia. Apewe kile kipimo cha maswali 20 wakishakifanya, atafute makosa tu. Makosa yana uchawi wake, kipanga halisi hawezi kuona fumbo akaliacha.

#32 Jembe_na_Kalamu
Kwa hiyo unamrudisha kwa fumbo. Watoto wenyewe wako wapi kwenye hesabu yako?

#33 Dada_wa_Maktaba
Na hao sita kuna aliyewauliza kama wanamtaka?

#34 Chaki_Vumbi
Wameulizwa leo na mwalimu wa zamu. Wanne wamesema hapana. Wawili wamesema aje, ila aache kufuta ubao kabla hawajamaliza kuandika.

#35 Fundi_Ratiba
Basi ana kundi la wawili. Aanze Jumanne.

#36 Mzee_wa_Taaluma
Na wale wanne?

#37 Fundi_Ratiba
Wanne wapewe mwingine, ikiwezekana aliyewahi kupata F akaitoka. Huyo hahitaji masharti ya #4, anayakumbuka.

#38 Logi_Kumi
Hapo sikubaliani, aliyetoka F kwa kukariri atawakaririsha. Nitarudi baadaye nieleze.

#39 Kiti_cha_Nyuma
Wakati tunamsubiri: #25, samadi ni ya ng'ombe au hata ya mbuzi inafaa?

#40 Shamba_Darasa
Zote, mradi imeoza mpaka haina harufu wala joto. Ya kuku ipunguze, inaunguza.